Ngoma, Vitumbua na Nyumba ya Kupangisha: Walikotoka Viongozi Wanawake wa Pwani



Kila tunapoorodhesha wanawake walioongoza katika Afrika Mashariki, orodha zetu huwa na sura ile ile. Mwanamke wa kwanza kupata digrii, wa kwanza kuwa wakili, wa kwanza kuteuliwa waziri. Yaani tunaanzia shuleni na kuishia ofisini. Sina ugomvi na orodha hizo, maana waliomo walistahili. Lakini mtu wa Pwani akizisoma kwa makini anabaki na swali: je, bibi zetu ambao mlango wa shule hawakuuona, au waliuona wakatolewa mara tu walipovunja ungo, walikuwa wamekaa ndani wakisubiri kukombolewa? Na kama walikuwa wamekaa tu, nani basi alimfundisha Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa darasa la nne, kusimama mwaka 1955 mbele ya umati akausemesha na ukamsikiliza?

Mimi naona kulikuwa na ngazi nyingine kabisa, na ilikuwapo kabla ya ile ya shule kufika kwa wanawake wengi wa Kiislamu wa Pwani. Mwanamke alipanda kupitia chama cha ngoma, akashika biashara ndogo ndogo, na akijaliwa alimalizia na nyumba ya kupangisha. Wanahistoria wameandika sana juu ya ngoma. Biashara wameitaja. Nyumba ndiyo tumeipita haraka, na kwa maoni yangu nyumba ndiyo iliyoleta mtafaruku baada ya uhuru.

Tuanze na ngoma. Sote tunaijua lelemama, angalau kwa kusimuliwa na mama zetu. Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya beni ameonyesha jinsi vyama vya wanaume vilivyoiga vyeo vya kijeshi na kiserikali, na Margaret Strobel, aliyeandika mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameonyesha kwamba wanawake nao walikuwa na vyama vyao vyenye vyeo na mashindano makali. Mombasa ilikuwa na Kingi na Scotchi, kisha wakaja Ibinaal Watan na Banu Saada. Msomaji wa leo anaona majina hayo anacheka. Ati Scotchi! Lakini tazama kilichokuwa kikifanyika ndani. Mwanachama aliyetaka cheo alilazimika kukilipia kwa kulisha chama, na karamu hiyo ilitaka mipango: mchele ununuliwe, michango ikusanywe na ihifadhiwe na mtu anayeaminika, wapishi wapangwe, sare zishonwe na zilingane. Alitakiwa mtungaji awezaye kuwapiga wapinzani mafumbo bila kutukana waziwazi, na kiongozi awezaye kuzuia wanachama mia wasigombane barabarani. Kukiwa na arusi au msiba kwa mmoja wao, chama kilifika. Huo kama si uongozi, basi sijui tunatafuta nini.

Tena kuna jambo la utumwa, ambalo sisi watu wa Pwani huwa tunalizunguka kama mtu anayezunguka kaburi. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897 (na masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo mpaka 1909), pwani ya Kenya mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Maana yake ni kwamba wanawake waliocheza lelemama katika miaka ya 1920 na 1930 wengine walikuwa mabinti au wajukuu wa watumwa. Hao hawakuwa na nasaba ya kujivunia, wala shamba la minazi la urithi. Cheo katika ngoma kilinunuliwa kwa jasho, hakikuuliza babu yako ni nani. Katika kitabu cha Sarah Mirza na Strobel cha mwaka 1989, ambapo wanawake watatu wa Mombasa wanasimulia maisha yao wenyewe, yumo Bi Mishi wa Abdala, mwenye asili ya ukoo wa watumwa, ambaye alijijengea heshima kama kungwi. Na ukungwi, ndugu zangu, ilikuwa kazi hasa. Ulikuwa na mafunzo, ulikuwa na ujira, ulikuwa na siri za kitaaluma, na jina la kungwi mzuri lilivuka mitaa. Lau angekuwa mwanamume tungesema alikuwa mtaalamu.

Siti binti Saad namtaja kwa kifupi kwa sababu habari zake tunazo tangu Shaaban Robert alipoandika wasifu wake. Alizaliwa Fumba mwaka 1880, akawa muuza vyungu, na mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi sahani za santuri. Watu husimulia kipaji chake kama muujiza. Mimi napenda kukumbusha kwamba alianza kuitumia sauti ile kunadi vyungu. Biashara ilitangulia.

Sasa twende kwenye nyumba, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu nitatoka Pwani kidogo na kupanda bara hadi Nairobi, kisha nitarudi.

Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ikitaka kuwakusanya Waafrika wa mjini mahali pamoja. Janet Bujra, katika makala yake ya mwaka 1975, na baadaye Luise White katika kitabu chake cha mwaka 1990, wameonyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: sehemu kubwa ya wenye nyumba katika mitaa ile walikuwa wanawake. Walitoka Ukikuyu, Ukambani, Unandi, wengine mbali zaidi, wengi wakiwa wamekimbia ndoa au umaskini. Pesa ya kujengea waliipata kwa kupika pombe na, tusifichane, wengine kwa kuuza miili yao. Wakaitia kwenye udongo na miti, wakajenga nyumba za vyumba vinne, sita, nane, wakapangisha kwa wanaume waliokuja kufanya kazi reli na majumbani kwa Wazungu. Wengi walisilimu, wakajiita Waswahili. Wapo wanaosema walifuata mavazi na ustaarabu wa mji tu. Lakini kulikuwa na hesabu nyingine pia. Huko walikotoka mwanamke hakurithi ardhi, na alichochuma kiliweza kudaiwa na kaka au mume. Katika sheria ya Kiislamu mali ya mwanamke ni yake, hata mumewe hana haki nayo, na akifa inarithiwa kwa utaratibu unaojulikana. Asiye na mtoto alimlea binti wa mwenziwe akamfanya ndugu na mrithi. Kwa kusilimu walipata dini, na pamoja na dini wakapata ulinzi wa mali.

Sisi wa Pwani jambo hili halikuwa geni. Lamu, katika koo zenye uwezo, binti alipoolewa alipewa nyumba, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Unguja na Mombasa wanawake waliuza, wakanunua na kuweka wakfu mashamba na nyumba, na majina yao yamo katika daftari za mahakama na za ardhi. Ndiyo maana Mzungu aliyekuja akiamini kwamba mwanamke wa buibui ni mfungwa alishangaa kukuta kwamba kodi anayolipa kila mwezi inaingia mkononi mwa huyo huyo mwenye buibui.

Dar es Salaam nayo ilikuwa hivyo. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ilala mnaijua: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani jiko na choo. Mama mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele, vingine anapangisha. Asubuhi anakaanga vitumbua barazani au samaki jioni, na kijana aliyefika kutoka Morogoro na sanduku la bati anakuwa mpangaji na mteja kwa mpigo mmoja. Anayekaa na wapangaji sita wa makabila sita anajifunza siasa bila kuhudhuria semina.

Hapo ndipo TANU ilipoangukia. Chama kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na kwa mwaka wa kwanza kilikuwa chama cha makarani, wafanyabiashara na wazee wa mjini, wote wanaume. Bibi Titi, mzaliwa wa mwaka 1926 hapo hapo Dar, alikata kadi namba 16. Katikati ya mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wako wapi wanawake wenu. Swali la kuaibisha kidogo! Ndipo Bibi Titi akawekwa mbele kama kiongozi wa wanawake wa TANU. Wakati huo alikuwa akijulikana mjini kwa sauti yake: aliongoza nyimbo katika kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Alipotakiwa kuandikisha wanawake hakwenda nyumba kwa nyumba kama karani wa sensa. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja mmoja, na kiongozi alipokubali kikundi kizima kilikuja. Kufikia mwezi Oktoba mwaka ule ule walikuwa wameandikishwa wanawake wapatao 5,000. Mwalimu Nyerere alikuwa ndiyo kwanza ameacha kazi ya kufundisha Pugu.

Marehemu Susan Geiger aliwahoji wanawake hawa katika miaka ya 1980, na kitabu chake cha mwaka 1997 ni deni ambalo hatujalilipa. Tatu binti Mzee, Halima Khamis, Mwamvita Mnyamani, Salima Ferouz, Mwasaburi Ali wa Dar es Salaam. Halima Selengia wa Moshi. Agnes Sahani wa Mwanza. Picha ya wale wa Dar inajirudia: Muislamu, umri wa makamo, ameolewa na kuachika na kuolewa tena, watoto wachache au hana, elimu ya shule kidogo au hana kabisa, na ana shughuli yake inayomwingizia pesa. Geiger alitilia mkazo ngoma na mtandao wake. Nakubaliana naye. Ila naongeza kwamba shughuli ile na paa lile ndivyo vilivyompa nafasi. Karani wa serikali alikatazwa kujiunga na chama cha siasa, akiogopa kufukuzwa. Mke aliyetegemea posho ya mume alihitaji ruhusa. Muuza vitumbua mwenye chumba chake, nani amfukuze kazi?

Basi uhuru ukaja. Mwaka 1962 ikaundwa UWT, Bibi Titi akiwa mwenyekiti wake wa kwanza. Lakini upepo ulikuwa umeshaanza kugeuka. Serikali ilihitaji watu wa kusoma majalada ya Kiingereza, na wanawake wa aina nyingine wakasogea mbele. Lucy Lameck, kwa mfano, aliyesomea uuguzi kisha Ruskin College kule Oxford, akawa naibu waziri. Alikuwa mwanamke hodari, sitaki kumpunguzia hata chembe. Ninachosema ni kwamba ngazi ya pili ilipowekwa, ile ya kwanza iliondolewa ukutani. Bibi Titi mwenyewe alipoteza kiti cha ubunge cha Rufiji mwaka 1965.

Kisha likaja Azimio la Arusha, tarehe 5 Februari 1967. Miiko ya uongozi ilisema kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, na asiwe na nyumba ya kupangisha. Na kiongozi alihesabiwa pamoja na mkewe au mumewe. Viongozi wa juu wa jumuiya za chama, UWT ikiwemo, walikuwamo. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Alijiuzulu Kamati Kuu.

Watu wamemhukumu kwa hili kwa njia mbili. Wengine wanasema tamaa. Wengine wanasema yote yalikuwa njama za kumwondoa. Mimi naona zote mbili zinakwepa swali. Nikiri kwamba Azimio lilikuwa na sababu zake. Katika miaka ile ya mwanzo mawaziri na maafisa walikopa benki wakajenga na kuwapangishia mabalozi, na mtu yeyote aliyeipenda nchi alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini miiko haikuwa na jicho la kutofautisha. Mfuko wa akiba wa wafanyakazi, NPF, ulianzishwa mwaka 1964, na ulikuwa wa watu wenye mwajiri na mshahara. Afisa aliyeacha nyumba yake ya kupangisha alibaki na mshahara, nyumba ya serikali na kiinua mgongo. Mwanamke aliyetoka kwenye ngoma na vitumbua alikuwa na nini? Ile nyumba ndiyo ilikuwa pensheni yake, ndiyo bima yake ya ugonjwa, ndiyo talaka yake pia, maana mwenye nyumba akiachwa hafungashi virago. Kumwambia achague kati ya nyumba na uongozi ilikuwa kumwambia akate tawi alilokalia.

Sitaki kuingia sana katika kesi ya uhaini. Alikamatwa Oktoba 1969, kesi ikaanza 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, akaachiwa kwa msamaha mwaka 1972. Kuna wenzetu wanaofahamu sheria kuliko mimi. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 huko Johannesburg, na barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Miiko yenyewe ililegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991, na kuanzia hapo viongozi walijenga mpaka wakachoka. Hakuna aliyerudi kuwauliza wale akina mama wa mwaka 1955, waliokuwa hai bado, wanaonaje.

Kwa nini haya yananiwasha nikiwa huku Ghuba? Kwa sababu nayaona yakianza upya. Lusail ninapokaa ni mji mpya juu ya jina la zamani. Hapa ndipo alipoishi Sheikh Jassim bin Mohammed Al Thani, aliyefariki mwaka 1913, wakati pwani hii ilipoishi kwa kupiga mbizi kutafuta lulu, na baadhi ya wapiga mbizi walikuwa watumwa waliotoka kwetu. Utumwa Qatar ulikomeshwa mwaka 1952, na pale Msheireb, Doha, nyumba ya Bin Jelmood imefanywa makumbusho yanayoeleza habari hiyo waziwazi, jambo ambalo miji yetu mingi ya Pwani haijathubutu. Leo hapa kuna minara, tramu iliyoanza mwaka 2022, na ule uwanja ulipochezwa mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia tarehe 18 Desemba 2022. Na wapo mabinti wa Kenya, Uganda na Tanzania: yaya, wasafishaji, walinzi, wauguzi, wahudumu wa hoteli. Kiswahili utakisikia kwenye kituo cha tramu kila siku ya mapumziko.

Sheria zimebadilika, tuseme haki. Ilitoka sheria ya wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2017, mwaka 2020 likaondolewa sharti la ruhusa ya mwajiri kwa anayehama kazi, na tangu Machi 2021 kima cha chini ni riyali 1,000 kwa mwezi, mbali na chakula na malazi. Lakini kuunda chama cha wafanyakazi mgeni haruhusiwi, na anayefanya kazi ndani ya nyumba ya mtu, mlango ukishafungwa, sheria haipigi hodi mara nyingi. Sasa wao wamefanya nini? Wamecheza upatu. Wakenya wanaita chama, Watanzania mchezo au kibati, jambo ni moja. Kuna mweka hazina, kuna zamu, kuna faini ya kuchelewesha. Mwenzao akifiwa unapitishwa mchango, akikwama bila tiketi wanachangishana. Binti anayeshika daftari la wenzake ishirini, asiyewahi kuwaona wengine ana kwa ana kwa sababu siku zao za mapumziko hazilingani, ananikumbusha sana wale viongozi wa lelemama. Katika takwimu za serikali zetu anahesabiwa kama mtu anayeleta fedha za kigeni. Kiongozi hakuna anayemwita.

Na pesa inakwenda wapi? Ada za watoto, dawa za mama, na kinachobaki kinakwenda kwenye matofali. Ukiwauliza watakuonyesha picha kwenye simu: msingi, ukuta, bati. Vyumba vitatu vya kupangisha nyuma ya nyumba ya wazazi, Mtwapa, Mbagala, Tanga. Ngazi ni ile ile ya bibi zao.

Ila kuna tofauti moja, na ndiyo inayonikosesha usingizi. Wale mabibi wa Pumwani walijenga wakiwa pale pale, na nyumba ikiwa kwa jina lao. Hawa wanajenga kwa simu. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 kutuma ni rahisi mno, lakini anayepokea ni kaka, baba au mume, kiwanja ni cha ukoo, na stakabadhi ya saruji imeandikwa jina la aliyekwenda dukani. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika ardhi. Nimewauliza kadhaa kama wana hati au hata barua ya mauziano yenye jina lao. Mmoja alinijibu, huku akicheka, kwamba kaka yake ni mtu mzuri. Sikubishana naye, kwani huenda ni kweli. Nilimuomba tu aniandikie namba ya kiwanja, na ikadhihirika kwamba haijui.